Koti la Mvua na Diski ya Mbaluka

Tulia,
8 Juni 2024

Kwako dada yangu Kanyiva, mama yake Mwongeli,

Pokea salamu kutoka nyumba ndogo yenye mabati mapya na watu wawili ambao bado hawajachoka kuangaliana. Sisi ni wazima. Ndengu tumevuna kidogo, mvua ilizidi zikaoza nyingine shambani. Mama yetu huko Mukuyuni magoti yanamsumbua lakini Jumapili alifika kanisani. Mwongeli amepona makovu ya tetekuwanga? Mwambie mama mdogo wa harusi anamkumbuka.

Dada, najua ni mwezi mmoja tu tangu tumzike shemeji Mbaluka. Najua pia simu umeizima kwa sababu ndiyo iliyokuletea habari ulipokuwa umetoka hospitali alikolazwa, umerudi nyumbani kubadilisha nguo. Ndiyo maana ninaandika kwa mkono. Kilonzo, yule anayeleta kabichi za Kikima na kurudi na ndengu, amekubali kuwa posta yetu.

Sijui nikwambie vipi habari za ndoa. Nthiwa wangu akifunga kibanda chake cha kutengeneza simu jioni, hupiga mluzi tangu kwenye kona ya posho mill, pale pa kusaga unga, nami nikisikia huo mluzi nasahau chumvi niliyoshika. Juzi niliunguza muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kwa sababu yake, akala akasema hajawahi kuonja mtamu kama huo. Mwanamume anayedanganya vizuri hivyo, utamfanya nini ila kumpenda?

Sasa jambo lenyewe. Video ya harusi yetu hatujaiona. Shemeji aliondoka nayo kwenye kamera, akasema ataitengeneza, na Nthiwa anasema lazima aliiingiza kwenye ile kompyuta kubwa ya studio yake. Umesema kompyuta haiwaki tangu stima iliporudi kwa nguvu. Nthiwa anasema hiyo si neno. Kompyuta ikifa, diski iliyo ndani huwa hai. Inatolewa, inatiwa kwenye kasha lake dogo lenye waya, kasha linachomekwa kwenye kompyuta nyingine, na kila kitu kinafunguka kama kabati.

Nakumbuka nilivyompigia shemeji Alhamisi ile kabla ya harusi. Aliniambia ana mafua, nikamtania kwamba asipokuja yeye, mimi siolewi. Akacheka. Nawe ulibaki kumuuguza Mwongeli, hukuniona nikiwa na shela. Tukiipata hiyo video utaniona.

Ni mimi mdogo wako, mke wa Nthiwa (bado napenda kuandika hivyo),
Mutanu


Kikima,
23 Juni 2024

Mutanu,

Nimepata barua. Huku ni baridi, ukungu hautoki Mbooni hadi saa tano. Mwongeli ni mzima, makovu yamebaki mawili kwenye paji la uso. Kabichi ni nyingi na hazina bei.

Studio sijaifungua. Ufunguo upo. Nikipita sokoni napitia upande wa pili.

Nafurahi kwamba ndoa ni njema. Kuhusu siku ile ya harusi, usiniandikie tena.

Dada yako,
Kanyiva


Tulia,
2 Julai 2024

Dada yangu mpendwa,

Salamu, na pole kwa baridi. Nimekutumia kilo mbili za ndengu safi, hizo tulizookoa. Nthiwa amekusalimu sana, na ameniambia niache kukusumbua. Tumekosana kidogo kwa jambo hilo, kukosana kwetu kwa kwanza. Kulichukua muda wa kuchemsha chai, tukaishia kucheka.

Lakini dada, nisikilize mara hii tu. Hata usipotaka habari za harusi, shemeji alipiga video miaka tisa. Si inawezekana kwamba humo ndani na yeye yumo? Siku ya mazishi, picha iliyowekwa kwenye jeneza ilikuwa ya kitambulisho, imekuzwa hadi macho yakawa kama yamepakwa maji. Watu walinong'ona kwamba mtu aliyepiga picha tarafa nzima hana yake. Na simu yake ilipotea siku zile za msiba. Kama yumo mahali popote duniani, yumo kwenye diski hiyo.

Nthiwa ameandika namna ya kuitoa. Ondoa waya wa stima kabisa. Fungua ubavu wa kompyuta, skrubu mbili za nyuma. Diski ni kile kipande cha chuma kinachotoshana na kitabu cha nyimbo, kizito. Kina nyaya mbili, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Zishike kichwani, usizivute kwa mkia. Halafu skrubu nne. Ifunge kwa kitu kisichopitisha maji, Kilonzo aiweke kiti cha mbele, siyo katikati ya kabichi.

Fanya siku moyo ukikubali.

Mdogo wako,
Mutanu


Kikima,
20 Julai 2024

Mutanu,

Ndengu zimefika, Mwongeli amezimaliza.

Nimefungua studio Jumatano. Kwenye kiti kulikuwa na kikombe chake, chai imekauka chini ikawa kama rangi. Nilikaa kwanza. Halafu nikafungua kama Nthiwa alivyoandika. Skrubu moja ilikuwa imekaza, nikatumia kisu cha mboga. Humo ndani mna vumbi, Mutanu. Mwanamume aliyefuta kamera yake mara kumi kwa siku.

Diski hiyo. Kilonzo ameapa ataipakata kama mtoto.

Nina sharti moja. Kabla ya harusi yako, nitafutie sauti yake. Mwongeli wiki iliyopita aliniuliza, "Baba alikuwa anasema vipi jina langu?" Nikajaribu kuiga, akatikisa kichwa, akasema siyo hivyo. Sasa hata mimi sina uhakika. Asubuhi ninaamka nikiwa nayo, kufika saa ya kukama ng'ombe imeniponyoka.

Neno lolote. Hata kama anahesabu moja mbili tatu.

Kanyiva


Tulia,
5 Agosti 2024

Dada yangu Kanyiva,

Salamu za upendo. Diski imefika ikiwa kavu kabisa. Umefanya akili sana kuifunga kwa koti lake la mvua. Ni koti zuri, bado jipya, nashangaa sikuwahi kumwona nalo. Ila linanuka unga wa mahindi, hadi mifukoni mna unga. Nimelikung'uta na kulitundika mlangoni.

Niliposoma habari ya Mwongeli nililia hadi Nthiwa akaniletea maji. Kisha akaniosha uso yeye mwenyewe kwa kiganja chake. Mungu alinipa mtu, dada. Wakati mwingine nikimtazama akiwa amelala naogopa, maana wewe nawe ulipewa mtu.

Kasha alilokuwa nalo Nthiwa limetushinda. Ni la diski ndogo za kompyuta za kupakata, na ya shemeji ni ile kubwa ya kompyuta ya mezani. Hata ingeingia, Nthiwa anasema diski kubwa hailishwi na waya wa USB peke yake, ina njaa, inataka chaja yake ya ukutani. Ameagiza kasha kubwa Nairobi. Likifika, jambo la kwanza ni sauti ya shemeji. Nimekuahidi.

Mutanu wako


Kikima,
24 Agosti 2024

Mutanu,

Salamu kwako na kwa Nthiwa. Sisi tupo. Kahawa imeanza kuiva.

Kasha limefika? Nimemwambia Mwongeli kwamba sauti ya baba iko Tulia, inatengenezwa. Sasa kila Kilonzo akipiga honi anatoka mbio.

Kanyiva


Tulia,
7 Septemba 2024

Dada Kanyiva,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, jua ni kali, mbuzi wawili wamezaa. Nimejifunza kushona vitambaa vya viti, nimeshona sita vya waridi na vinne vya tausi. Tausi mmoja mkia umeniharibikia, nikaufanya kuwa majani. Mama mkwe amevisifu. Nthiwa amejenga rafu mpya kibandani na kuipaka rangi ya kijani. Kanisani tumepata kinanda. Mwalimu wa kwaya anataka niimbe sauti ya kwanza, mimi nasema ya pili inanitosha.

Msalimie Mwongeli.

Mutanu


Kikima,
28 Septemba 2024

Mutanu,

Umeniandikia ukurasa mzima wa vitambaa. Nimeusoma mara tatu nikitafuta diski.

Tangu utoto ukivunja kitu ulikuwa unaanza kuimba. Mama alikuwa akisikia wimbo jikoni anauliza, "Ni kikombe au ni sahani?"

Ni nini kimevunjika? Sema.

Kanyiva


Tulia,
5 Oktoba 2024

Dada yangu,

Leo sina salamu za kuremba.

Kasha lilifika Agosti tarehe ishirini na nane, lakini bila chaja. Muuzaji alisema ataituma kwa mzigo mwingine. Nthiwa akatia diski ndani, akafunga skrubu, akaiweka kwenye rafu, akasema tungoje. Kesho yake alikwenda Kitui mjini kuchukua vioo vya simu, nikabaki kibandani.

Dada, nilikuwa na furaha kupita kiasi. Nilifikiri, akirudi amkute shemeji anazungumza na harusi yetu inacheza. Nilitaka kumwona akishangaa. Kulikuwa na chaja ya kompyuta ya mteja mmoja, nikajaribu pini yake kwenye tundu la kasha. Iliingia. Legelege kidogo, lakini iliingia. Nilidhani kitu kikiingia, basi ni chake. Sikujua kwamba stima ina kipimo, kwamba kasha linataka volti kumi na mbili na ile chaja inatoa kumi na tisa.

Kulisikika tik, mara moja tu. Halafu harufu kama ya nywele zikiungua.

Nthiwa aliporudi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinusa kasha, akaketi, akaniuliza kama mimi mwenyewe nimerushwa na stima. Kisha akataka akuandikie kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Nilikataa, lakini kusema kweli pia sikuweza, ndipo nikakushonea vitambaa.

Anasema hataki kukupa tumaini la bure. Amempigia mwalimu wake wa chuo, mzee wa Machakos. Huyo amemwambia kwamba chini ya diski kuna kijidude kidogo kama punje ya mtama, kimewekwa ili stima ikizidi kife chenyewe na kuziba njia. Kama ni hicho tu kilichokufa, kinaweza kutolewa. Kama moto ulipita hapo, basi.

Nilikuomba hicho kitu mara mbili ulipokuwa hutaki kukitoa. Halafu nikakichoma.

Usinisamehe haraka.

Mutanu


Kikima,
12 Oktoba 2024

Mutanu,

Nimesoma. Nilikwenda shambani nikapalilia mistari miwili nikarudi.

Mwongeli nimemwambia gari la Kilonzo limeharibika.

Nthiwa ajaribu. Wewe usishike.

Kanyiva


Tulia,
2 Novemba 2024

Dada yangu Kanyiva,

Ilikuwa punje ya mtama.

Nthiwa aliiondoa kwa ncha ya waya ya moto, mimi nikiwa nimesimama nje kama ulivyoagiza. Chaja ya kweli ilikuwa imefika, na kasha la pili kwa sababu la kwanza liliungua. Akaichomeka. Kwanza kimya, halafu diski ikaanza kuvuma kama nyuki ndani ya mzinga. Aliniita jina langu tu, nikajua. Kabla ya kufungua chochote alinakili kila kitu mahali pawili.

Nimetimiza ahadi, sauti kwanza. Tumesikiliza siku tisa, kila jioni. Dada, yumo kila mahali na hayumo popote. Harusi, mazishi, michango, ubatizo, yeye yuko nyuma ya kamera anasema, "Mzee wa kofia, songa kidogo," na "Bibi harusi, usicheke kwa meno yote, yaache mengine ya kesho." Kuna mahali Mwongeli anajifunza kutembea mlangoni kwenu, naye anamwita jina mara kumi na moja. Nimehesabu. Analivuta mwishoni, kama mtu anayeita ng'ombe anayempenda. Hiyo nimeiweka ya kwanza.

Umeniambia nisikuandikie siku ya harusi, lakini lazima, kwa sababu ndipo ulipo uso wake.

Ndani ya harusi yetu yote mna kikohozi. Mchungaji anasoma, kinasikika. Mimi nasema nimekubali, na juu ya neno langu kinasikika. Siku ile sikukisikia, masikio yangu yalikuwa yamejaa Nthiwa. Kisha wakati wa chakula shemeji aliiweka kamera juu ya miguu yake mitatu kuelekea keki, akasahau kuizima. Pembeni kuna benchi. Akaja akaketi. Shati limelowa limemganda mwilini, mikono ameiweka kifuani, anatetemeka. Hakuna anayemtazama. Sisi tunacheza ngoma nyuma yake, najiona nikizunguka.

Baadaye shangazi yake Nthiwa, Kalunde, anamletea chai ya tangawizi. Nitakuandikia walivyosema, neno kwa neno.

Kalunde anasema, "Mbona umekuja na pikipiki kutoka Mbooni bila koti, na mvua yote hii?"

Naye anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, halafu anasema, "Koti liko kwenye pipa la unga. Mwenye nyumba wangu, mama Mwongeli, aliliweka huko nisisafiri. Nililiona nikichota unga wa uji. Ningelitoa, angejua nimemshinda. Nikaona heri ninyeshewe kuliko kumwaibisha."

Halafu anakunywa chai. Dakika mbili na nusu. Ndio uso wake pekee miaka tisa.

Sikuuliza kitu, dada, na sitauliza. Nimelitazama tu lile koti mlangoni. Lakini sasa najua ni nani aliyempigia simu Alhamisi akamwambia asipokuja haolewi. Hukuwahi kunitajia hilo hata mara moja. Nilikuandikia habari za mluzi na muthokoi, nawe ukajibu kwamba unafurahi.

Nthiwa anaweza kukata. Anasema kikohozi kinaweza kutolewa, na kipande cha benchi kikaachwa bila sauti, umwone tu akinywa chai. Video yetu pia ingekuwa safi. Sijui lililo jema. Niambie wewe.

Mdogo wako,
Mutanu


Kikima,
16 Novemba 2024

Mutanu, mtoto wa mama yangu,

Salamu. Mvua imeanza, tumepanda.

Barua yako nimeisoma ghalani, karibu na hilo pipa.

Nililificha Ijumaa jioni. Alikuwa anatoka jasho huku anaona baridi. Nilimwambia asiende, akasema harusi ni ya siku moja, mafua ni ya kila mwaka. Nikafikiri, bila koti hatapanda pikipiki kwenye mvua, namjua. Asubuhi alipika uji yeye mwenyewe, akaniletea kitandani, hakuulizia koti. Nilisikia pikipiki ikiwaka. Ningeweza kutoka nalo mbio hadi kwenye lango. Nilikaa na uji mkononi nikisubiri arudi kuliulizia, ili niwe nimeshinda.

Kwa hiyo usijilaumu kwa ile simu yako. Wewe ulimwita tu. Miezi hii yote sikutaka uitaje harusi kwa sababu nilidhani ukiitaja utaniuliza koti lilikuwa wapi. Kisha nikalifunga hilo hilo kwenye diski nikakutumia, sijui kwa nini. Labda nilitaka litoke nyumbani. Labda nilitaka mtu aulize.

Na yeye alijua. Alichota unga juu yake.

Usikate kikohozi. Hata kimoja. Kwenye harusi yako pia kiache, utakapozeeka na Nthiwa wako mtakisikia na kumkumbuka aliyewapigia. Kipande cha benchi nataka chote, na sauti yake, kama alivyosema. Mwongeli tutamfungulia kile cha kujifunza kutembea. Cha benchi nitakitazama mimi peke yangu kwanza.

Lakini diski msinitumie kwa Kilonzo. Njooni nayo nyinyi wawili, na kasha lake, na chaja yake ya kweli. Nitaiwasha simu Ijumaa mnipigie mkitoka. Kutoka Tulia mtakuja na pikipiki, na huku mvua hainyamazi, inanyesha kutwa.

Hilo koti lililo mlangoni kwako, Nthiwa alivae. Umfunge vifungo vyote mwenyewe, mpaka cha shingoni. Asinifikie hapa akiwa amelowa.

Dada yako,
Kanyiva